Folda Juu, Mafaili Chini: Mwongozo Kamili kwa Windows, Mac na Linux

Mtu akifungua folda yenye vitu mia mbili akakuta folda zake zimetapakaa katikati ya PDF, picha na risiti, anachotafuta kwanza ni swichi ya kusema "folda zije juu". Kwenye Mac swichi hiyo ipo. Kwenye Linux ipo. Kwenye Windows haipo, ndiyo maana watumiaji wa Windows huzunguka kwenye menyu nusu saa nzima, kisha wanaifunga kompyuta kwa hasira.

Mimi nina steshenari ndogo, na wateja huja na kompyuta zao wakiwa na lalamiko lilelile. "Jana nilipanga vizuri, leo zimerudi chini." Karibu kila mara kinachosumbua ni kimoja kati ya vitu vitatu: makundi yamewashwa, mshale wa safu umegeuzwa, au folda imepewa aina isiyo yake. Vyote vitatu vinatatulika bila kuongeza programu yoyote.

## Andaa hivi kwanza

Jina na toleo la mfumo wako. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, kisha Enter. Kwenye Mac, bofya alama ya tofaa juu kushoto, halafu "About This Mac". Kwenye Linux, jina la mfumo pekee halitoshi. Unahitaji jina la programu inayoonyesha mafaili, kwa mfano Files, Nemo, Dolphin au Thunar. Fungua menyu yake ya msaada utafute "About".

Kipanya, ukiwa nacho. Kugusa nafasi tupu kwa kidole kwenye kompyuta mpakato kunawezekana, ila ndipo wengi wanapoharibu.

Folda ya majaribio. Usiruke hii. Tengeneza folda iitwayo Jaribio, na ndani yake weka folda mbili, Wateja na Zana, pamoja na mafaili matatu: ankara, barua na nakala. Folda mpya hupatikana kwa Ctrl+Shift+N kwenye Windows na kwenye programu nyingi za Linux, au Shift+Cmd+N kwenye Mac. Faili la maandishi kwenye Windows linatokana na kubofya kulia, kisha "New", kisha "Text Document". Kwenye Mac, nakili tu faili lolote ulilonalo na ulibadilishe jina.

Kwa nini majina hayo? Kwa sababu folda zimeanza na herufi za mwisho wa alfabeti, na mafaili yameanza na herufi za mwanzo. Folda yako ikiitwa Arusi na faili likiitwa Zawadi, folda itakaa juu hata kama hujapanga chochote, nawe utadhani umefaulu. Kwa majina ya Wateja na Zana hakuna kujidanganya. Zikionekana juu ya ankara, kazi imefanyika.

Maneno ya kwenye kioo nimeyaacha kwa Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi zinavyokuja.

## Windows 10 na 11

### Hatua ya 1: Jiweke kwenye mwonekano wenye safu

Fungua File Explorer kwa kitufe cha Windows pamoja na E. Ingia kwenye folda ya Jaribio, kisha bonyeza Ctrl+Shift+6. Mwonekano utageuka kuwa "Details", yaani orodha yenye safu za jina, tarehe, aina na ukubwa.

Mwonekano wa ikoni kubwa una mpangilio pia, ila hauonyeshi ni safu gani inayotawala wala mshale umeelekea wapi. Utakuwa unapapasa gizani.

Ukifaulu: unaona vichwa vya safu juu ya orodha, na kimoja kina mshale mdogo.

### Hatua ya 2: Zima makundi

Tazama kama orodha imekatwa na vichwa kama "Today", "Yesterday" au "Last week". Ukiviona, hayo ndiyo makundi. Ndani ya orodha yenye makundi ya tarehe, folda ya wiki iliyopita haiwezi kuruka juu ya faili la leo, hata ubofye safu ya jina mara hamsini. Kila kitu kimefungiwa kwenye chumba chake.

Folda ya Downloads ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu Windows huiweka kwenye makundi ya tarehe bila kukuuliza. Mtu anapanga Documents ikatii, akifika Downloads anadhani kompyuta imeharibika.

Bofya kulia kwenye nafasi tupu ya orodha. Chagua "Group by", halafu "(None)".

Angalia: ukibofya kulia juu ya jina la faili, menyu inayokuja ni ya faili hilo, na "Group by" humo haimo. Sogea chini kabisa ya orodha penye weupe. Orodha ikiwa ndefu mpaka imejaza dirisha, kwenye Windows 11 tumia kitufe cha "Sort" kilicho juu ya dirisha, na kwenye Windows 10 fungua kichupo cha "View". "Group by" utaikuta pote pawili.

Ukifaulu: vichwa vya tarehe vimetoweka, na orodha ni moja kuanzia juu hadi chini.

### Hatua ya 3: Bofya safu ya jina, kisha soma mshale

Bofya kichwa cha "Name". Folda zikija juu, umemaliza. Zikishuka chini ya mafaili, bofya mara ya pili.

Hapa ndipo panapowachanganya wengi, kwa hiyo tukae kidogo. Windows inahesabu kuwa folda au kuwa faili kama sehemu ya mpangilio wenyewe. Ukipanga kutoka A kwenda Z, foleni inaanza na folda kisha mafaili. Ukigeuza iwe Z kwenda A, Windows haigeuzi majina peke yake. Inapindua foleni nzima, mkia unakuwa kichwa, na folda zinaenda chini. Hakuna swichi ya kuibakiza folda juu huku majina yamepinduliwa. Usiitafute.

Kwa hiyo anayesema "zilirudi chini zenyewe" mara nyingi alikigusa kichwa cha safu bila kukusudia, pengine alipokuwa akipanua safu ili asome jina refu. Mguso mmoja tu unatosha.

Ukifaulu: utaona Wateja, Zana, ankara, barua, nakala, kwa mfuatano huo.

Folda uliyoitengeneza sasa hivi huweza kukaa mwisho wa orodha mpaka dirisha lisasishwe. Bonyeza F5 kabla hujaanza kulaumu.

### Hatua ya 4: Kama unapanga kwa tarehe

Kuna wanaohitaji kazi ya karibuni ije mwanzo. Bofya "Date modified". Kwenye safu hii hesabu ni kinyume cha ile ya jina: folda hukaa juu pale vitu vipya vinapotangulia. Ukigeuza vya zamani vitangulie, folda zinashuka.

Sasa jambo linalowapotosha hata wazoefu. Tarehe ya folda si tarehe ya kazi iliyomo. Ukifungua waraka ulio ndani ya folda ya Wateja, ukaandika kurasa kumi na kuuhifadhi kwa jina lilelile, tarehe ya Wateja huenda isisogee kabisa. Tarehe ya folda hubadilika kitu kinapoongezwa, kinapofutwa au kinapopewa jina jipya ndani yake. Kwa hiyo folda unayoifanyia kazi kila siku inaweza kuonekana ya mwezi uliopita, ikakaa chini ya folda ambayo jana ulitupia picha moja tu. Kwa maoni yangu, anayetegemea folda awe anapanga kwa jina. Tarehe ni ya kutafutia mafaili.

### Hatua ya 5: Ueneze mpangilio kwenye folda nyingine

Windows inakumbuka mwonekano wa folda mojamoja. Ulichofanya kwenye Jaribio hakijagusa folda nyingine.

Ukiwa bado ndani ya Jaribio, fungua "Options". Kwenye Windows 11 iko chini ya vitone vitatu juu ya dirisha, na kwenye Windows 10 iko mwisho wa kichupo cha "View". Nenda kwenye kichupo cha "View" cha dirisha dogo linalofunguka, bofya "Apply to Folders", kubali kwa "Yes", kisha "OK".

Kitufe hicho hakienezi kwenye folda zote, hata kama jina lake linakupa matumaini. Kinaeneza kwenye folda za aina moja na hiyo uliyomo. Windows imezigawa folda katika aina tano: za jumla, za nyaraka, za picha, za muziki na za video. Folda yenye picha nyingi huweza kuhesabiwa kuwa ya picha bila wewe kujua, nayo ikabaki na tabia zake.

Ukikuta folda sugu, ibofye kulia, chagua "Properties", nenda kwenye kichupo cha "Customize". Penye "Optimize this folder for" weka "General items", na uweke alama kwenye kisanduku cha kujumuisha folda zilizo ndani yake. Kichupo hicho kisipokuwepo, ujue hiyo ni folda ambayo mfumo haukuruhusu kuibadilisha aina. Irekebishe kwa mkono kwa Hatua ya 2 na ya 3.

Onyo: pembeni ya "Apply to Folders" kuna "Reset Folders". Hicho kinafuta ulichoeneza na kurudisha vya kiwandani. Vimekaa jirani kama chumvi na sukari. Soma kabla ya kubofya.

### Vinavyofanana na folda lakini si folda

Mteja mmoja aliniambia folda zake zote zimepanda isipokuwa mbili. Moja ilikuwa njia ya mkato, ile yenye mshale mdogo kwenye kona ya ikoni. Njia ya mkato ni faili linaloelekeza kwenye folda, kwa hiyo hupangwa na mafaili wenzake. Nyingine ilikuwa faili la zip, lenye ikoni ya folda iliyofungwa zipu. Nalo ni faili. Bofya kulia, "Extract All", ndipo upate folda ya kweli.

## Mac

Huku kazi ni fupi. Swichi ipo kuanzia macOS Sierra ya mwaka 2016.

Hatua ya 1. Bofya Finder ili jina lake lionekane juu kushoto, kisha bonyeza Cmd na alama ya mkato (,). Dirisha linalofunguka linaitwa "Settings", au "Preferences" kwenye matoleo ya kabla ya Ventura. Ukibonyeza hivyo huku programu nyingine ikiwa mbele, utafungua mipangilio ya programu hiyo, kwa hiyo hakikisha Finder ndiyo iliyo mbele.

Hatua ya 2. Nenda "Advanced". Chini ya "Keep folders on top" weka alama kwenye "In windows when sorting by name". Ukitaka na eneo-kazi lifuate, weka alama pia kwenye "On Desktop".

Hatua ya 3. Rudi kwenye folda ya Jaribio, bonyeza Cmd+2 upate orodha, kisha bofya kichwa cha "Name".

Soma tena maneno ya swichi hiyo: inafanya kazi unapopanga kwa jina. Ukipanga kwa tarehe au kwa ukubwa, folda na mafaili vinachanganyika tena, na hilo si kosa.

Zikikataa hata kwa jina, bonyeza Cmd+J. Penye "Group By" weka "None", na penye "Sort By" weka "Name". Kwenye mwonekano wa ikoni hili ni la lazima, kwa sababu bila mpangilio Finder huacha kila ikoni pale ulipoidondosha. Chini ya dirisha hilohilo kuna "Use as Defaults". Ibofye ili folda nyingine nazo zifuate.

Kwa anayependa kuandika amri, Terminal inafanya kazi ileile ya Hatua ya 2:

`defaults write com.apple.finder _FXSortFoldersFirst -bool true`

kisha

`killall Finder`

Madirisha ya Finder yatapotea na kurudi. Hujapoteza kitu, ila subiri kama kuna faili linalonakiliwa.

## Linux

Swichi ipo kila mahali, na kila programu imeificha kwenye kona yake. Kwenye Files ya GNOME, ambayo ndiyo iliyo kwenye Ubuntu, fungua menyu ya mistari mitatu, ingia "Preferences", uwashe "Sort Folders Before Files". Kwenye Nemo ya Linux Mint, pita "Edit", "Preferences", kisha "Views". Thunar ya Xfce nayo iko "Edit", "Preferences", kwenye kichupo cha "Display". Dolphin ya KDE ina njia fupi zaidi: "View", "Sort By", "Folders First".

Kwenye Files na Nemo, ukigeuza majina yawe Z kwenda A, folda hubaki juu na majina pekee ndiyo yanayopinduka. Aliyetoka Windows atashangaa kwa furaha.

Dirisha dogo la kufungulia au kuhifadhia faili, lile linalotokea ndani ya programu, linaweza kuwa na mpangilio wake. Kwenye programu nyingi za GTK (zana za kujengea madirisha ambazo GNOME nayo inazitumia) bofya kulia ndani ya orodha yake, utaona swichi ya folda kwanza humohumo.

## Kwa wanaotumia kioo cheusi

Kwenye Linux, fungua terminal, yaani dirisha la kuandika amri, uandike:

`ls --group-directories-first`

Ili usiiandike kila siku, iongeze kwenye faili la mipangilio ya bash, programu inayopokea amri zako:

`echo "alias ls='ls --color=auto --group-directories-first'" >> ~/.bashrc`

Onyo kubwa: alama za `>` ni mbili. Ukiweka moja, mipangilio yote iliyokuwa kwenye `.bashrc` inafutwa na kubaki na mstari huo mmoja. Nilifanya hivyo mara moja, sitasahau. Nakili kwanza: `cp ~/.bashrc ~/.bashrc.akiba`.

Fungua dirisha jipya la terminal, andika `ls`. Folda zikitangulia, umefaulu.

Amri ya `ls` inayokuja na Mac haiijui swichi hiyo, itakujibu kwa kosa. Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike:

`dir /ogn`

Herufi g inatanguliza folda, n inapanga kwa jina. Ajabu ni kwamba kioo cheusi cha Windows kina swichi ambayo dirisha lake la kubofya halina.

## Mpangilio hausafiri na flashi

Anayepanga flashi vizuri nyumbani kisha akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini akute vurugu hajakosea kitu. Mpangilio ni namna ya kutazama, haubadilishi vitu vilivyo kwenye diski. Windows huuhifadhi kwenye akaunti yako ndani ya kompyuta yako. Mac huandika faili lililofichwa liitwalo `.DS_Store` ndani ya folda husika, nalo husafiri na flashi, lakini Windows hailijali. Nimeona watu wakilikuta faili hilo na kudhani ni kirusi. Si kirusi, lifute ukitaka.

Redio nyingi za gari na spika zinazosoma flashi nazo hazijui uliona nini kwenye kioo. Hupiga nyimbo kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye jedwali la flashi, yaani kwa kufuata zilivyonakiliwa. Ukitaka mfuatano wako uheshimiwe, ifomati flashi, kisha nakili folda mojamoja kwa zamu. Kufomati kunafuta kila kitu, basi hamisha vilivyomo kwanza.

Kitu pekee kinachosafiri popote ni jina lenyewe. Ukihitaji folda zitangulie kwenye kila kompyuta, zianze na tarakimu: `01 Wateja`, `02 Zana`. Weka tarakimu mbili tangu mwanzo. File Explorer inajua kwamba 2 iko kabla ya 10, lakini `dir` na `ls` zinasoma herufi kwa herufi, zitaitanguliza 10 mbele ya 2. Kwa tarehe, anza na mwaka: `2025-03-14`, kamwe isiwe `14-03-2025`, maana hiyo ya pili inapanga siku kabla ya mwaka, na Januari ya miaka mitatu tofauti inalala kitanda kimoja.

Onyo: fanya hivyo kwenye folda zako binafsi tu. Ukibadilisha jina la folda iliyo ndani ya "Program Files", au folda ambayo programu ya uhasibu inasomea data, programu haitaipata kesho asubuhi. Njia za mkato zinazoelekea kwenye folda uliyoibadilisha jina zijaribu mojamoja, na iliyokufa ifute utengeneze nyingine.